Pumzi ya Mgonjwa: Historia Fupi ya Mashine Zake



Sisi watu wa Migori na Homa Bay tumezoea kuchanga upesi msiba ukiisha kutufika. Safari hii twaandika juu ya kumchangia mgonjwa angali hai, hasa mwenye ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Viungo humlegea kidogo kidogo, hata misuli ya kifua ikashindwa kuvuta pumzi.

Mashine ya kwanza iliyosifika ilitumiwa Boston, Marekani, mwaka 1928. Ilikuwa sanduku la chuma. Mgonjwa wa polio alilazwa ndani, kichwa nje, na hewa iliyomzunguka ikapunguzwa na kurudishwa ili kifua kipanuke na kushuka. Mwaka 1938 Lord Nuffield alijitolea kuzipa hospitali za Dola ya Kiingereza sanduku la mbao la namna hiyo, bila malipo. Mwaka 1952 polio ilienea Copenhagen, na mashine hazikutosha. Kwa shauri la Daktari Bjørn Ibsen wagonjwa walitobolewa koo, na wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana kuminya mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana. Wengi waliokoka.

Leo barakoa ya pua au ya uso yaweza kutosha, pasipo kutoboa koo. Lakini mashine zikifanana sura, kazi si moja. Ile ambayo Colin Sullivan wa Australia alitangaza habari zake mwaka 1981 husukuma hewa kwa nguvu moja, ili koo lisizibe usingizini. Mwenye misuli dhaifu ahitaji ile ya nguvu mbili: kubwa avutapo pumzi, ndogo aitoapo. Nayo oksijeni peke yake haivuti pumzi kwa niaba yake. Yaweza hata kuficha hatari, hewa chafu ikizidi mwilini.

Utafiti wa Newcastle, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa wagonjwa waliosaidiwa kwa barakoa, ambao koo halijalegea sana, waliishi yapata siku 205 zaidi. Waliolegea koo sana hawakuongezewa siku, ila walipata nafuu ya usingizi.

Basi, kabla ya kuchangia mtungi wa oksijeni, yatupasa kumwuliza daktari: mgonjwa wetu amepungukiwa na hewa, au na nguvu ya kuivuta? Tena tuchangie betri, maana umeme hukatika, na tupange zamu za kukesha naye.