Wageni wa Nyumba Isiyo na Mwenyeji

Katika ada zetu za pwani mgeni havuki kizingiti kabla hajapiga hodi, na hodi yake, hata akiirudia mara tatu, haitimii mpaka sauti ya ndani imwambie karibu. Ndiyo maana kila nisomapo habari za merikebu ndogo zinazowachukua watu kwenda kuzitembelea ncha za dunia, jambo la kwanza linalonijia moyoni si barafu wala zamhariri, bali ni swali la nani huko mwenye haki ya kumwitikia mgeni. Antaktika haikupata kuwa na wenyeji. Visiwa vya Svalbard, vilivyo kaskazini ya Norwe, navyo vilikuwa ukiwa mtupu mpaka walipofika wawindaji wa nyangumi. Basi biashara ya kuwapeleka wasafiri katika nchi hizo ni ugeni usio na mwenyeji, na tarikhi yake, kwa maoni yangu, ni tarikhi ya wageni waliolazimika kujitungia adabu wenyewe, aghalabu baada ya kuteleza kwanza.

Miongoni mwa walioianza alikuwa Wilhelm Bade, nahodha Mjerumani aliyekuwa na kila sababu ya kuichukia barafu. Mwaka 1869 alikuwa ofisa katika merikebu ya uchunguzi iliyoitwa Hansa, iliyotumwa pwani ya mashariki ya Greenland. Barafu ikaibana mbavuni hata ikaipasua na kuizamisha, na watu wake wote wakahamia juu ya pande la barafu lililowachukua kuelekea kusini kwa muda wa siku 200 hivi, wakijisitiri katika kibanda walichokijenga kwa matofali ya makaa ya mawe yaliyokuwa shehena yao. Hakufa hata mmoja. Mtu mwingine angaliapa asiione tena bahari, lakini Bade, katika miaka ya 1890, alirudi kaskazini akiwa na abiria waliolipa nauli, akawaonyesha kwa furaha kitu ambacho nusura kimwue.

Kampuni moja ya meli ya Norwe ikamfuata mkondoni: mwaka 1896 ilianza kupeleka meli Svalbard kutoka Hammerfest wakati wa kiangazi, ikajenga na hoteli ndogo ya mbao kwenye ufuo wa hori la Advent. Kiangazi hicho hicho Mswidi Salomon Andrée alikuwa katika kisiwa cha Danskøya na puto lake kubwa la hariri, akingoja upepo wa kusi umpeleke hadi Ncha ya Kaskazini, na watalii wakateremka melini kuja kumtazama akingoja. Sisi tuliolelewa na misimu ya kaskazi na kusi, ambao babu zetu walijua kwamba upepo hauagizwi, twaweza kukisia hali ya mtu yule mbele ya wale watazamaji. Kusi haikuvuma, Andrée akarudi kwao. Mwaka uliofuata aliruka na wenzake wawili, wasionekane tena mpaka mifupa yao ilipokutwa katika kisiwa cha Kvitøya mwaka 1930. Hoteli nayo haikuchukua miaka mingi ikafungwa.

Upande wa kusi mambo yalikawia, maana safari yenyewe ni ndefu na bahari ya Drake, itenganishayo Amerika ya Kusini na Antaktika, huvukwa kwa siku mbili za mawimbi yasiyozuiwa na nchi yoyote. Meli za Argentina na Chile zilichukua abiria wachache mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini mtu aliyeifanya kazi hii iwe na sura iliyo nayo leo ni Lars-Eric Lindblad, mzaliwa wa Uswidi aliyehamia Marekani na kufungua wakala wa safari huko New York, ambaye mwaka 1966 alikodi meli ya serikali ya Argentina akawapeleka Antaktika wateja wasiozidi 60. Lindblad hakuwa tajiri wa meli aliyetafuta abiria wa kuzijaza. Alikuwa dalali wa maajabu, na itikadi yake ilikuwa kwamba watu hawatakilinda kitu wasichokijua. Hoja hiyo ni nzuri, na pia ni hoja yenye faida kwa mwenye kuuza tiketi. Mambo mawili haya yalikaa pamoja kifuani mwake bila ugomvi, na tangu siku hizo yamekaa pamoja katika biashara nzima.

Mwaka 1969 alipata merikebu yake mwenyewe, Lindblad Explorer, iliyoundwa katika mji wa Uusikaupunki huko Ufini: urefu wa mita 73 hivi, abiria takriban 100, ubavu wake umeimarishwa kukabili barafu na kupakwa rangi nyekundu ionekane kutoka mbali. Udogo huo haukuwa upungufu wa fedha tu. Meli kubwa huiona nchi ya barafu kwa mbali, kama mtu aitazamaye sherehe juu ya ukuta wa jirani, ilhali meli ndogo huingia horini, ikatia nanga, ikashusha mashua za mpira ziitwazo Zodiac, zilizokuja kutoka Ufaransa, ambazo hupanda ufuo wa mawe pasipo gati. Mashua hizo, nathubutu kusema, zina fadhila kubwa katika tarikhi hii kuliko merikebu zenyewe, kwa kuwa ndizo zilizomtoa abiria kwenye sitaha na kumtia miguu nchi kavu.

Kukaribia kuna bei yake. Mwezi wa Februari 1972 Explorer ilipanda mwamba kwenye kisiwa cha King George, Lindblad mwenyewe akiwamo, na abiria wakaokolewa na jeshi la maji la Chile. Merikebu ikavutwa, ikatengenezwa, ikarudi kazini. Na mwaka 1984 ikawa meli ya kwanza ya abiria kuipita Njia ya Kaskazini-Magharibi, juu ya Kanada, ile njia iliyommeza John Franklin na watu wake 128 waliofika huko mwaka 1845 katika merikebu mbili kubwa, ikampitisha Roald Amundsen aliyekwenda mwaka 1903 na wenzake sita katika chombo cha tani 47. Huko, tofauti na Antaktika, hodi ina mwenye kuijibu: Amundsen alikaa majira mawili ya baridi akiwa jirani wa Wainuit, wenyeji wa huko, akajifunza kwao kuvaa ngozi na kuendesha mbwa, na elimu hiyo ndiyo iliyomfikisha baadaye Ncha ya Kusini akiwa wa kwanza.

Dola ya Kisovieti ilipoanguka, meli zake za utafiti na za kuvunja barafu zilibaki bila fedha za kuzitunza, zikakodishwa kwa makampuni ya safari, na wageni wakaongezeka kwa ghafla. Mwaka 1991 makampuni saba yaliunda jumuiya yao, IAATO, na mwaka huo huo mataifa ya Mkataba wa Antaktika yalitia sahihi huko Madrid itifaki ya kuyahifadhi mazingira ya bara hilo. Hapo ndipo udogo ulipogeuka kuwa sharia: wasishuke watu zaidi ya 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 isiteremshe hata mmoja.

Explorer ilizama tarehe 23 Novemba 2007, katika mlangobahari wa Bransfield, si mbali na kisiwa kile kile kilichoikwamisha miaka 35 kabla. Lindblad alikuwa amekwisha fariki, na merikebu ilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine, ikipeperusha bendera ya Liberia. Ilijipiga kwenye barafu ngumu, maji yakaingia, na watu wote 154 wakashuka katika mashua za kuokolea zilizokuwa wazi juani na mvuani, wakakaa humo kwa saa kadhaa za baridi kali mpaka meli ya Norwe, Nordnorge, ilipowapakia. Miongoni mwa meli nyingine zilizoitikia wito ilikuwamo moja ya kampuni ya Sven, mwanawe Lindblad, ambaye ujanani mwake aliishi Kenya akipiga picha za tembo. Hakuna aliyepoteza maisha. Liberia, kwa kuwa bendera ilikuwa yake, ndiyo iliyofanya uchunguzi, na ikamlaumu nahodha kwa kuingia usiku, kwa kasi iliyozidi, katika barafu aliyoidhania kuwa laini.

Wageni wa Antaktika sasa hupita 100,000 kwa msimu mmoja, na sioni jinsi adabu iliyotungwa kwa ajili ya wachache itakavyowatosha wengi kiasi hicho. Hata hivyo inashikwa. Kabla ya kuteremka, abiria hupanga makoti na mifuko yao mbele ya mashine ya kufyonza vumbi, na mtumishi mwenye tochi huchokonoa kila pindo asije akapita na mbegu ya nyasi ya kwao; kisha hukanyaga beseni la dawa, hupeana mkono na baharia kwa kushikana vifundo, si viganja, wakaingia mashuani. Ufuoni harufu ya kinyesi cha pengwini, chekundu kwa uduvi, huwapokea kabla ya pengwini mwenyewe. Umbali ni mita tano, na pengwini akikata njia, mtu ndiye husimama. Pengwini wengi hujenga viota kwa vijiwe na huibiana vijiwe hivyo mchana kutwa. Kwa hiyo saa ya kurudi, mwongoza safari hupiga magoti kwenye maji ya ufuoni, huinua mguu wa mzee wa watu aliyelipa maelfu ya dola, na kwa ncha ya kijiti humng'olea jiwe lililokwama katika soli, akalirudisha chini lilipotoka.