Pimbi wa Mawe ya Chyulu

Mwamba huu mweusi ulikuwa moto uliotiririka. Vilima vya Chyulu vilianza kujengwa na volkano yapata miaka milioni 1.4 iliyopita, na milipuko ya mwisho ilitokea karibu mwaka 1856. Kilele chake hufikia mita 2,188.

Tazama ufa huu. Michirizi myeupe ukingoni ni mkojo wa pimbi uliokauka na kuacha chokaa. Mnyama huyu mdogo, ambaye tembo ni miongoni mwa jamaa zake wa karibu waliopo leo, hawezi kudhibiti vyema joto la mwili. Asubuhi huota jua juu ya jiwe. Jua likiwa kali hujificha kivulini. Usiku wa baridi pimbi hulala wakiwa wamebanana. Katika Mlima Kenya, juu ya mita 4,000, pimbi wana manyoya marefu na mazito zaidi.

Hapa Chyulu tatizo ni maji. Mawe haya yana matundu, hivyo mvua huzama chini na kuibukia mbali, kwenye chemchemi za Mzima. Pimbi hupata maji mengi kutoka kwenye majani anayokula. Hubeba mimba kwa miezi 7 hivi, na ukame ukikausha malisho, watoto wengi hawaponi.

Hifadhi ya Taifa ya Chyulu ilianzishwa mwaka 1983. Tafadhali usiwalishe pimbi, wala usiondoe mawe: ufa huu ni nyumba yao.