Barua Niliyoikawiza: Jioni ya 12 Aprili 1984

Watu wa rika langu nchini Tanzania tuna swali tunaloulizana kila mwezi wa Aprili unapofika: ulikuwa wapi Sokoine alipofariki? Shemeji yangu alikuwa jikoni; maharage yaliungulia chunguni na hakuna aliyeyajali. Jirani yangu, wakati huo mwanafunzi wa kidato cha pili, alisikia nyimbo za huzuni redioni akadhani vita vimerudi, kwani vita vya Kagera vilikuwa na miaka mitano tu tangu viishe. Nimekutana pia na watu wengi mno wanaosema walipita Dakawa siku ileile, hata nadhani barabara isingewatosha wote. Siwaiti waongo. Msiba wa taifa humfanya kila mtu atake kuwa karibu nao.

Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa pili. Ilikuwa Alhamisi. Mkufunzi wetu wa Kiswahili alikuwa na redio ndogo ya betri, na kwa kuwa betri zilikuwa adimu kama sabuni, mchana alizianika juani ili jioni zipate nguvu ya kutupa taarifa ya habari. Tulizoea kukaa barazani kwake, wengine kwenye ngazi, wengine kwenye majani. Kushoto kwangu alikaa rafiki yangu wa chumba kimoja, ambaye nitamtaja kwa jina hilo tu: rafiki yangu.

Kwa vijana wasioijua miaka ile, niseme kidogo. Edward Moringe Sokoine alikuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili tangu mwaka 1983. Kipindi chake cha kwanza kilikuwa 1977 hadi 1980. Nchi ilikuwa taabani. Unga, sukari, mafuta na nguo vilipatikana kwa foleni, au kwa mlango wa nyuma. Mwaka huo wa 1983 serikali ilianzisha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na maneno hayo mawili yakaingia katika vinywa vya watu wote, hata watoto wakayatumia michezoni. Sokoine ndiye aliyekuwa sura ya vita hivyo. Wananchi wengi walimpenda kwa sababu alionekana kukasirikia kile walichokikasirikia wao.

Jioni ile aliyezungumza redioni hakuwa mtangazaji. Alikuwa Rais mwenyewe, Mwalimu Nyerere. Nimeisikiliza tena sauti ile mara nyingi, na kama mwalimu wa lugha siachi kuushangaa mpangilio wake. Alitaja saa. Kisha, kabla ya jina, alimwita marehemu ndugu yetu, kijana wetu, mwenzetu. Ndipo likaja jina, safari ya kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, gari kupata ajali. Mwisho kabisa, kufariki. Hapakuwa na tamathali wala pambo hata moja. Maneno yale ungeweza kuyasikia katika tangazo la msiba kijijini, mtu akisimama mlangoni kuwaambia majirani. Kwa kuwa yalikuwa maneno ya nyumbani, kila nyumba iliyapokea kama msiba wake.

Neno moja kati ya hayo lilitusumbua usiku kucha: ajali. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliopangwa, siku ya mja kufikia mwisho wake. Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo, na katika tungo za kale za pwani ajali ni kudura, ni siku iliyoandikwa. Baadaye likabeba pia maana ya tukio la ghafla lisilokusudiwa, gari kupinduka au chombo kuzama. Methali yetu kwamba ajali haina kinga inazibeba maana zote mbili bila kuelemewa. Lakini bwenini usiku ule vijana waligawanyika. Mmoja alisema kwa huzuni kwamba ni ajali tu, akimaanisha ni kazi ya Mungu. Mwingine akamjibu kwa hasira kwamba hakuna ajali, akimaanisha kuna mkono wa mtu. Walikuwa wakibishana kuhusu mambo mawili kwa neno moja. Tulikuja kuelezwa kwamba gari la Waziri Mkuu liligongana na gari la kijana mmoja wa Afrika Kusini, wa wale wapigania uhuru waliopewa hifadhi mkoani Morogoro. Minong'ono haikukoma kwa maelezo hayo, na sina la kuiongezea.

Rafiki yangu hakubishana. Alilia. Alilia kuliko sisi wote, hata wenzetu wakamsifu kwa uzalendo. Mimi peke yangu nilijua sababu, na nilinyamaza.

Baba yake, mwenye duka dogo, alikuwa ameshikwa katika msako. Familia iliamini kwamba kuna mtu aliyemchongea kwa chuki. Mwishoni mwa Machi rafiki yangu aliamua kumwandikia Waziri Mkuu. Aliandika rasimu yake kwenye karatasi ya daftari, mistari minane hivi, akaniletea mimi niliyejulikana chuoni kwa mashairi na hati nzuri. Akaniomba niinyooshe, niinakili na kuitia posta nikienda mjini.

Kiini cha rasimu yake kilikuwa maneno mawili: baba ameonewa. Nilimwambia kwamba neno kuonewa ni kali mno kwa kiongozi wa nchi. Linaishitaki serikali kabla haijajibu. Alinitazama, akasema, "Wewe ndiye fundi wa lugha. Lakini ndilo neno lenyewe."

Nilikaa na barua ile siku nane. Nakiri hapa jambo ambalo sikulikiri kwa miaka mingi: nilikuwa nafurahia kazi. Nilianza kwa heshima na taadhima. Nikaweka salamu za aya nzima. Nikajaribu "amefikwa na mkasa", nikalifuta. Nikajaribu "amekumbwa na mtihani", nikalifuta pia. Hatimaye nikaandika kwamba huenda pametokea kutoelewana. Nililiona sentensi la kiungwana. Barua iliingia sandukuni Jumatatu, 9 Aprili. Siku ya nne aliyeandikiwa akafa barabarani.

Sijui kama ingesomwa hata kama ningeituma siku ileile niliyopewa. Waziri Mkuu alipokea barua nyingi, na alikuwa Dodoma bungeni. Mzee aliachiwa miezi michache baadaye bila maelezo, akarudi kwenye duka lisilo na kitu. Sokoine alikuwa amezikwa kwao Monduli Juu, na mwaka huohuo chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro kilipewa jina lake. Kurasa za mashairi magazetini zilijaa maombolezo. Nami nilitunga langu, lenye vina vilivyokamilika kati na mwisho, nikalipeleka gazetini. Nashukuru halikuchapishwa.

Katika miaka yangu yote darasani, kila nilipofundisha barua rasmi niliwaambia wanafunzi waanze na lile wanalolitaka, ndipo watafute adabu ya kulisemea. Hawakujua nilikotoa somo hilo. Walidhani limo katika muhtasari.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, nilimtembelea rafiki yangu. Naye ni mstaafu kama mimi, na macho yake yamepungua nguvu. Kijana wake alituuliza swali la kawaida: mlikuwa wapi siku ile? Rafiki yangu akasimulia baraza, redio, betri zilizoanikwa. Kisha akasimulia barua, akasema kwamba ilitangulia kufika, ila Mungu hakupenda isomwe. Alikuwa akiamini hivyo miaka yote, kwamba niliituma siku ileile aliyonipa.

Kijana alipotoka nje nikamweleza zile siku nane. Alikaa kimya muda mrefu, akiipapasa fimbo yake. Nilitegemea aniulize kwa nini. Badala yake aliuliza, "Na lile neno, Mwalimu, uliliacha?"

Nikamjibu kwamba nililitoa.

Akatikisa kichwa taratibu, kisha akamwita kijana wake atuletee chai.