Joto la Mtoto Mezani pa Upasuaji

Mnamo mwaka 1880 hivi, daktari wa uzazi mjini Paris, Stéphane Tarnier, aliiona mashine ya kuangulia vifaranga katika bustani ya wanyama, akaomba aundiwe nyingine ya watoto wachanga. Hospitalini kwake vifo vya watoto waliozaliwa na uzito usiofika kilo 2 vilishuka kutoka 66 hadi 38 kwa kila 100. Ndugu msomaji, jambo ambalo kila tetea anayeatamia analijua, wataalamu walikwenda kuliazima kwake!

Kadiri ya joto nayo ina uzito wake. Mwaka 1958 huko New York, William Silverman na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 182 waliozaliwa kabla ya siku zao. Baadhi walilazwa katika joto la nyuzi 29 hivi, wengine karibu 32. Kundi la kwanza walinusurika 68 kwa kila 100. La pili, 84. Tofauti ya nyuzi 3 tu, ambayo mimi na wewe hatungevua koti kwa ajili yake.

Sasa mlaze mtoto kama huyo mezani pa upasuaji. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, hivyo joto humtoka upesi. Mtoto mchanga hatetemeki kama sisi. Hujipasha kwa kuunguza mafuta maalumu yaliyo shingoni na mgongoni, na nusukaputi huufifiza moto huo. Tena dawa hiyo hutanua mishipa, damu yenye joto ikakimbilia kwenye ngozi. Baridi ikimwingia, damu haigandi vizuri. Kidonda nacho hudhurika: mwaka 1996 ulichapishwa uchunguzi wa watu wazima 200 waliopasuliwa utumbo. Walioachwa wapoe, 19 kwa kila 100 walipata uambukizo. Waliopashwa joto, 6.

Chumba kile kilikuwa baridi kwa faida ya nani? Ya mpasuaji, aliyevaa nguo juu ya nguo chini ya taa kali. Simlaumu sana. Nami katika ukaguzi nimeona mbao nyingi za darasani zilizopachikwa kwa kimo cha mwalimu, mtoto asifikie.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikuja mablanketi yanayopulizwa hewa ya moto. Pasipo mashine, kofia ya sufu na pamba ya kuzungushia miguu husaidia, na bei yake si ya kutisha. Panapofuatwa utaratibu, chumba hupashwa joto kabla mtoto hajaingizwa. Mpasuaji akitokwa na jasho, muuguzi humfuta.