Maneno Yaliyorudishwa: Santuri ya Miriam Makeba ya Mwaka 1960

Wimbo huvuka bahari kwa wepesi kuliko maneno yake. Sauti hupokewa, mahadhi huigwa, lakini maneno mara nyingi huachwa bandarini, au hubadilishwa yakawa maneno mengine. Historia ya muziki wa Afrika Kusini katika karne ya ishirini ina mifano mingi ya jambo hili. Miongoni mwa kazi zilizolipinga ni santuri iliyotolewa na kampuni ya RCA Victor nchini Marekani mwaka 1960, ambayo jina lake ni jina la mwimbaji mwenyewe: Miriam Makeba. Kwa kawaida santuri hiyo hutajwa kama mwanzo wa umaarufu wa mwimbaji huyo ng'ambo. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, ina umuhimu mwingine. Ndani yake nyimbo mbili ambazo Marekani ilikwisha kuzijua pasipo maneno yake zilirudishiwa maneno hayo.

Makeba alizaliwa mwaka 1932 karibu na Johannesburg, baba yake akiwa Mxhosa na mama yake Mswazi. Katika miaka ya 1950 aliimba pamoja na kundi la Manhattan Brothers, kisha na Skylarks. Mwaka 1959 alisafiri nje ya nchi yake baada ya kuonekana katika filamu ya Lionel Rogosin iitwayo Come Back, Africa, na mwishoni mwa mwaka huo akaanza kuimba mjini New York, akisaidiwa na mwimbaji Harry Belafonte. Santuri ya mwaka uliofuata ina nyimbo kumi na nne. Nyingi ni za Kixhosa na Kizulu, lakini zipo pia za Kiingereza, na umo ubembelezi wa watoto kutoka Indonesia.

Wimbo wa kwanza wa kuangaliwa ni Lakutshon' ilanga, uliotungwa na Mackay Davashe. Jina lake lamaanisha kuchwa kwa jua. Maneno yake ya Kixhosa yaeleza habari za mtu amtafutaye mpenzi wake aliyepotea, akiuliza majumbani, hospitalini na hata katika vifungo. Katika Johannesburg ya sheria za pasi hapakuwa na haja ya kuufafanua wimbo huo, kwani mtu aliyetoka asubuhi asirejee jioni alitafutwa mahali hapo hapo. Wimbo ulipotakiwa Marekani, ulitiwa maneno ya Kiingereza, na mwaka 1956 Makeba na Manhattan Brothers wakasikika huko wakiimba habari za mpenzi mwenye uongo mtamu. Hospitali na vifungo vilitoweka. Mahadhi ni yale yale, sauti ni ile ile, lakini msiba wa watu uligeuzwa kuwa ugomvi wa wapenzi wawili. Katika santuri ya 1960 mwimbaji yule yule, mbele ya wasikilizaji wale wale, aliuimba kwa Kixhosa.

Hata hivyo jalada halikumsaidia. Jina la wimbo lilipigwa chapa kuwa "Lakutshn, Ilanga". Kosa hilo lafundisha. Katika matamshi, irabu ya mwisho ya kitenzi humezwa na irabu ya mwanzo ya nomino ilanga, na katika maandishi kibainishi huonyesha pengo hilo. Mpiga chapa aligeuza kibainishi kuwa mkato, akaidondosha na irabu o, akaacha mfululizo wa konsonanti ambao Kixhosa hakiukubali. Jambo lililorudishwa kwa ulimi lilipotea tena kwa wino.

Wimbo wa pili ni Mbube. Solomon Linda na kundi lake waliurekodi Johannesburg mwaka 1939, naye Linda akaiuzia kampuni haki zake kwa shilingi 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la Weavers la Marekani liliupokea kutoka katika santuri. Maneno ya kiitikio yalikuwa kiambishi cha utambulisho kikitanguliwa na kiambishi cha nafsi ya pili, kisha nomino yenye maana ya simba: yaani, mtu aambiwa kwamba yeye ni simba. Sikio lisilojua Kizulu lilisikia "Wimoweh", neno lisilo na maana katika lugha yoyote, na likaandikwa hivyo. Mwaka 1961 kundi la Tokens liliongeza maneno ya Kiingereza juu ya simba aliyelala, na wimbo ukaenea duniani. Kati ya makosa hayo mawili yasimama santuri ya Makeba, ambamo simba aitwa kwa jina lake la Kizulu. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walipata mapatano juu ya haki hizo mwaka 2006. Yamkini neno lililopoteza maana hurahisisha pia kusahauliwa kwa mwenye neno.

Lakini urudishaji huo ulikuwa na mpaka wake. Wimbo wa harusi wa Wakhosa uitwao Qongqothwane, jina la mdudu agongaye na anayesadikiwa kuonyesha njia, ulijulikana kwa Kiingereza kama wimbo wa vidoko. Makeba alizoea kuwaeleza wasikilizaji kwamba jina hilo lilitolewa na Waingereza kwa sababu hawakuweza kulitamka la asili. Maelezo hayo yalichekesha, lakini yalibeba hoja ya kiisimu. Katika Kixhosa kidoko ni konsonanti kama konsonanti nyingine, kilichoingia kutokana na ujirani wa kale na wasemaji wa lugha za Kikhoe na Kisan. Afrika Mashariki nayo yaijua sauti hiyo katika Kisandawe, Kihadza na Kidahalo. Kuuita wimbo kwa sauti yake ngeni ni kumsikia msemaji pasipo kusikia asemalo.

Yafaa kukumbuka ni wakati gani mambo haya yalitendeka. Sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 ilikuwa imezifanya lugha za Kiafrika kuwa kuta za kuwatenga wenyewe. Makeba alizichukua lugha zizo hizo akaziweka kando ya Kiingereza na Kiindonesia, pasipo kuomba radhi. Santuri haikuuzwa sana, na kampuni ikaachana naye kwa muda. Mwaka huo huo wa 1960 mama yake alifariki. Alipotaka kurudi kumzika, aligundua kwamba pasipoti yake ilikwisha kubatilishwa. Mwaka 1963 alitoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa, na nyimbo zake zikapigwa marufuku Afrika Kusini. Hakurejea hadi mwaka 1990.

Basi maneno yalirudishwa katika nyimbo, lakini nyimbo hazikuruhusiwa kurudi kwa wenye maneno. New York iliweza kusikia kwa Kixhosa habari za mtu atafutwaye vifungoni pasipo kuzielewa. Johannesburg, ambayo ingezielewa, ilikatazwa kuzisikia.