Dakika za Kwanza Angani

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ilinibana. Leo naweka programu kando kidogo, ingawa kisa chenyewe kilianzia kwenye kompyuta.

Wikendi nilikuwa nikichezea simuleta ya ndege. Nikapaa kutoka Malindi kuelekea kusini, injini ikazima (niliipanga izime yenyewe). Nikafanya kile ambacho kila mgeni hufanya: nikageuza kurudi uwanjani. Nikaanguka. Nikarudia mara sita, nikaanguka mara sita. Kwenye msimbo ningebonyeza Ctrl+Z.

Hesabu yake ni fupi. Ndege ikilala upande ili igeuke, sehemu ya nguvu inayoibeba huvutwa pembeni, kwa hiyo inahitaji kasi zaidi. Tuseme ndege yako huacha kubebwa na mabawa ikiwa chini ya kilomita 70 kwa saa. Ilaze digrii 60 bila kushuka, sasa inataka karibu 100. Mwanafunzi mwenye hofu anaona ardhi inakuja, anainua pua, na kasi kidogo iliyobaki inakwisha. Ndiyo maana walimu hufundisha kinyume cha silika: shusha pua, linda kasi, tua mbele yako hata kama mbele ni vichaka.

Zamani mafunzo yalikuwa tofauti. Wanafunzi waliambiwa tu wasiguse hatari. Mwaka 1917, kule Gosport, Uingereza, Robert Smith-Barry aligeuza mambo: mwalimu na mwanafunzi wapande pamoja, kila mmoja na usukani wake, waitie ndege kwenye hatari kwa makusudi, kisha mwanafunzi aitoe. Waliongea kwa mpira wa kupitishia sauti kutoka kiti kimoja hadi kingine. Hakuna redio, mpira tu!

Ndege ndogo za Moth, zilizoanza kuruka 1925, zilieneza mafunzo hayo hadi kwetu. Nairobi, mwalimu mmojawapo alikuwa Tom Campbell Black wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa 1929. Kati ya wanafunzi wake alikuwemo Beryl Markham.

Sasa tuje nyumbani. Takaungu, kusini kidogo ya mji wa Kilifi, wengi tunaijua kwa Wamazrui waliohamia huko baada ya kushindwa Mombasa 1837. Lakini Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza, naye alikuwa na nyumba pale ufukweni, na alikuwa na Gipsy Moth yake mwenyewe. Mwezi Mei 1931 alisafiri nayo pwani, kisha Voi kutafuta tembo kutoka angani. Markham, bado mwanafunzi, alialikwa safari hiyo. Katika kitabu chake cha 1942 anasimulia kwamba Campbell Black alimwambia asiende. Akabaki.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei ndege ilipaa kutoka Voi, ikauzunguka uwanja mara mbili, ikaanguka na kuwaka moto. Finch Hatton alikuwa na miaka 44. Alikufa pamoja na Kamau, mtumishi wake Mkikuyu.

Huyu Kamau ndiye aliyeninyima usingizi. Kwenye Moth rubani hukaa nyuma, abiria mbele. Kamau hakujifunza urubani, hakuchagua mzunguko wala kasi. Finch Hatton alizikwa vilima vya Ngong, na kaka yake akamjengea mnara wenye kibao cha shaba. Kibao kina jina moja. Filamu ya 1985 ikamfanya maarufu duniani kote. Kamau tumebaki na neno moja tu, tena jina ambalo wanaume maelfu wanalo.

Jaribio la saba niliongeza uzito wa abiria kiti cha mbele. Injini ikazima. Nikashusha pua, sikugeuka, nikatua vichakani. Magurudumu yakavunjika, basi.