Mwisho wa dunia na viazi shambani

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata maneno haya gazetini, mada ya juma hili ni nzito: mwisho wa dunia. Sina nia ya kutabiri. Kazi yangu ni habari, na habari ni mambo yaliyokwisha kutokea. Katika jambo hili yaliyotokea ni mengi.

Karibu Wakristo wote wanakiri kwamba Yesu atarudi. Wanapotofautiana ni kuhusu ile miaka 1,000 inayotajwa katika sura ya 20 ya Kitabu cha Ufunuo. Wako wanaosema kwamba atarudi kwanza, ndipo atawale miaka hiyo; kwao dunia itazidi kuharibika mpaka aje. Wako wanaosema kwamba injili itaenea kwanza, dunia itatengemaa, kisha Yesu aje. Wengine wanamfuata Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliyefariki mwaka 430. Hao husema miaka hiyo ni mfano wa wakati huu huu wa Kanisa.

Utadhani huo ni ubishi wa wanazuoni tu. La hasha. Jinsi mtu anavyoiona kesho ndivyo anavyolitumia shamba lake leo.

Chukua mwaka 1844. Huko Marekani, mkulima mmoja wa jimbo la New York, William Miller, alikuwa amepiga hesabu kutoka Kitabu cha Danieli. Aligeuza siku 2,300 kuwa miaka, akaona kwamba Yesu angerudi mnamo mwaka 1843. Muda huo ulipopita, ikatajwa tarehe kamili: 22 Oktoba 1844. Wako wakulima walioacha viazi ardhini bila kuvuna, maana nani angevila? Usiku ukapita, jua likachomoza kama kawaida, na wengi wakalia machozi.

Mwaka huo huo, Mombasa, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga, miezi michache tu baada ya kufika. Naye aliamini kwamba Bwana wake atarudi. Hata hivyo, mwaka huo alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 akaanzisha kituo Rabai. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki.

Wala tusiwacheke wale wa viazi. Baadhi yao walijipanga upya, na mwaka 1863 likaundwa Kanisa la Waadventista Wasabato. Mwaka 1903 wamisionari wake walifika Upare, wakafungua shule. Hadi leo wanahubiri kwamba Yesu yu karibu, lakini kanisa lao halitaji tarehe, na linaendesha hospitali. Mgonjwa haambiwi aache dawa kwa kuwa Bwana yu njiani.

Sasa tazama upande wa pili. Huko Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi moja walitangaza kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Waumini wakakabidhi mali zao. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea kwa moto ndani ya jengo la ibada. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, wakiwamo watoto. Serikali ilisema waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Shakahola iko katika kaunti ya Kilifi, kaunti ile ile yenye Rabai ya Krapf.

Waraka wa pili wa Paulo kwa Wathesalonike uliwaonya waumini wasitishwe na wanaosema siku ya Bwana imekwisha kufika. Waraka huo huo ukawakemea waliokaa bure bila kazi. Onyo hilo lina umri wa karibu miaka 2,000.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mhubiri akikuambia mwisho umekaribia, msikilize ukipenda. Imani ni yako. Lakini akikutaka uuze nyumba, umtoe mtoto shuleni na utupe dawa, muulize swali moja tu: ikiwa dunia inakwisha, fedha ya nyumba hiyo anaitakia nini?

Kwa juma hili ni hayo.